Karatasi ya Mama na Mwili wa Binti Yangu

Andiko la msingi: 1 Samweli 2:18-26



Wiki hii nimepewa nafasi ya kuandika katika kijarida chetu, na kusema kweli mimi si mhubiri. Mimi ni mama wa watoto watatu, mke wa mtu mmoja, na nina cherehani moja ya miguu. Lakini tangu tufundishwe 1 Samweli sura ya pili, kuna swali limekaa nami jikoni, kwa matatu na hata kwenye kesha. Mzazi akituachia njia yake ya kufanya jambo, je, tunalazimika kuifuata vile ilivyo? Na kama tuna ruhusa ya kuibadilisha, ruhusa hiyo inaishia wapi?

Usidhani ni swali dogo. Tunajua nyumba ambazo baba na kijana wake hawaongei kwa sababu yake. Tunajua pia vijana waliolelewa hapa hapa, wakabatizwa mbele yetu, na leo hawaingii ibadani kwa sababu waliona wanalazimishwa kuvaa kitu kilichokatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Nami nitalieleza kwa njia ninayoijua, yaani kwa kitambaa.

Urithi wangu

Mama alilala katika Bwana miaka miwili iliyopita, nyumbani kwetu Nyandarua. Tulipokaa kugawana vitu vyake, ndugu zangu walichukua ng'ombe, sufuria kubwa za sherehe na viti vya sebuleni. Mimi nikaomba cherehani. Hakuna aliyebisha. Kaka yangu mkubwa alicheka akasema, "Chukua hiyo chuma. Sisi siku hizi tunavaa mitumba."

Ni Singer nyeusi yenye maandishi ya dhahabu yaliyofifia, na kanyagio la chuma lililochorwa maua. Ilikuja Nakuru juu ya pikapu ya viazi. Ilifika ikiwa imekwama kabisa, kwa sababu mtu fulani wa nyumbani, ambaye sitamtaja, alikuwa ameitia mafuta ya kupikia. Mafuta ya kupikia yakikaa ndani ya cherehani hugeuka gundi. Fundi mmoja mzee wa sokoni alinifundisha kuyatoa kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, kidogo kidogo, siku nne mfululizo, ndipo nikatia mafuta meupe ya cherehani yenyewe. Siku ya tano gurudumu likazunguka. Fundi huyo ndiye aliyenionyesha namba iliyogongwa chini ya mashine, inayoanza na herufi E. Akaniambia hiyo ni alama ya kiwanda cha Clydebank, huko Uskoti. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1980. Cherehani bado inashona.

Mzee wangu mwanzoni alilalamikia kelele. Kisha usiku mmoja stima ikapotea mtaa mzima, na sketi ya shule ya mtoto ilikuwa imefumuka marinda. Nikaimaliza kwa mwanga wa taa ya sola, maana cherehani ya miguu haiulizi kama token zimeisha. Tangu siku hiyo hajasema neno. Kwa kawaida hushona baada ya chakula cha jioni, meza ikishapanguswa. Upande mmoja kuna vitabu vya shule, upande wa pili kitambaa, na kitinda mimba wangu yuko chini akijaribu kuzungusha gurudumu kinyume. Uzi hukatika kila anapofanya hivyo, na kila mara hushangaa kana kwamba ni mara ya kwanza.

Pamoja na cherehani nilipata mkebe wa biskuti. Ndani yake mlikuwa na karatasi za kukatia nguo. Kwa ambaye hashoni, niseme hivi: fundi hakati kitambaa kwa kubahatisha. Huwa na karatasi ya mgongo, ya kifua, ya mkono na ya kola. Anaziweka juu ya kitambaa, anazibana kwa pini, anachora kwa chaki, ndipo anakata. Mama alijifunza kushona miaka ya sitini katika kikundi cha Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanza mwaka 1952. Karatasi zake nyingi alizichora mwenyewe kwenye karatasi ya kaki na magazeti. Mbili zilikuwa za kununua, za Simplicity, nyembamba kama ganda la kitunguu, na kwenye bahasha kuna picha za wanawake wenye viuno kama nyigu.

Nilipofungua mkebe ule nililia. Mwandiko wa Mama ulikuwa pale wa penseli, na harufu ya nyumba yake pia.

Gauni lililochanika

Binti yangu wa kwanza ana miaka kumi na sita. Mwaka huu alichaguliwa kuongoza wimbo katika kwaya ya vijana. Nikaamua kumshonea gauni la bluu lenye kola ya mviringo, kwa karatasi ya Mama, kwa cherehani ya Mama. Niliona kama ni unabii unatimia: vizazi vitatu katika vazi moja la sifa.

Sikumpima.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, maana kila fundi anajua kwamba tepu hutangulia mkasi. Haraka ilikuwepo, ni kweli. Lakini sababu kubwa ilikuwa nyingine. Niliona kwamba kumpima mtoto ni kutilia shaka karatasi ya Mama. Mama alikuwa mtu wa maombi, alilea kanisa pale kijijini, nguo zake zilivaliwa na nusu ya akina mama wa ushirika. Mimi ni nani nianze kumsahihisha?

Alipolijaribu aliniambia taratibu, "Mami, inanibana hapa," akionyesha kifuani na kwapani.

Nikamjibu, "Simama wima. Shosho wako alishonea kanisa zima kwa karatasi hizi. Shida si nguo."

Sikumalizia sentensi. Lakini msichana wa miaka kumi na sita ukimwambia shida si nguo, anajua umesema shida ni yeye.

Jumapili ile, wimbo wa tatu, vijana wakainua mikono. Nguo ikaachia kwapani. Si mshono tu uliofumuka, kitambaa chenyewe kilichanika. Alishusha mkono wake akaubana ubavuni, akaimba hadi mwisho hivyo hivyo, na macho yake hayakututazama. Baada ya ibada hakutungoja. Alirudi nyumbani kwa miguu peke yake. Jioni akaniambia, "Sitaimba tena." Jumapili tatu zilizofuata alikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango.

Na mimi je? Neno la kwanza lililonitoka mdomoni siku ile lilikuwa, "Uzi wa siku hizi ni mbaya." Nililaumu uzi. Nilikuwa tayari kulaumu uzi, kitambaa, na mwili wa mwanangu, mradi karatasi ya Mama ibaki bila hatia.

Jambo alilofanya Hana

Ndipo likaja lile fundisho. Hana alikuwa amemtoa Samweli kwa Bwana, na mtoto akawa anatumika Shilo chini ya kuhani Eli. Mstari wa 19 unatueleza kwamba mama yake alikuwa akimtengenezea joho dogo na kumpelekea mwaka baada ya mwaka, alipopanda pamoja na mumewe kutoa dhabihu.

Nimelisoma andiko hilo tangu Sunday School kama habari ya upendo wa mama, na ndivyo lilivyo. Lakini lisome kama mshonaji. Hana alimwona mwanawe mara moja kwa mwaka. Alikata nguo ya mwili ambao hakuwa ameuona kwa miezi kumi na miwili. Akiwa nyumbani Rama, ameshika kitambaa, ilimbidi ajiulize: sasa mabega yake yamefika wapi? Mikono imerefuka kiasi gani? Angetumia kipimo cha mwaka uliopita, Samweli angesimama mbele za Bwana na joho linaloishia magotini. Joho lilikuwa lile lile la utumishi kila mwaka. Kipimo ndicho kilichobadilika. Na mstari wa 26 unasisitiza kwamba kijana yule aliendelea kukua.

Katika kitabu hicho hicho, sura ya 17, mfalme Sauli anamvika Daudi mavazi yake ya vita. Sauli hakuwa na nia mbaya siku ile. Alimpa kijana kilicho bora alichokuwa nacho, kilichomsaidia yeye mwenyewe vitani. Lakini Daudi alijaribu kutembea nacho akashindwa, akakivua. Hakumtukana mfalme. Alimwambia tu kwamba hajakizoea. Na ushindi ukapatikana bila kile kizibao cha chuma.

Usiku ule nilirudi kwenye mkebe. Nikatandaza karatasi ya lile gauni mezani, nikaikagua polepole chini ya taa, jambo ambalo sikuwa nimelifanya. Kwenye ukingo wa pembeni kulikuwa na vipande vya gazeti vilivyogundishwa kwa uji wa ngano. Nilipokuwa nikikata nilivikunja nyuma, nikidhani ni viraka vya kuzuia karatasi isiraruke. Sasa nikaviangalia vizuri. Kila kipande kilikuwa na mwaka wake kwa penseli: 1979, 1981, 1984. Chini ya kwapa, kwa mwandiko mdogo, Mama alikuwa ameandika, "ongeza hapa." Ile ya mwisho ilikuwa ya dada yangu mkubwa, maana jina lake la nyumbani liko kando.

Kumbe Mama mwenyewe hakuitii karatasi yake! Kila mwaka alitoa tepu, akapima mtoto, akaongeza gazeti. Mimi ndiye niliyefuata ule mstari wa ndani, wa wino mzito, wa zamani kuliko yote, nikauita uaminifu. Nilikuwa nikimkumbuka mama wa amri. Kwenye karatasi niliona mama wa tepu.

Hata zile za kununua zina funzo hilo. Zamani karatasi za kukatia zilizouzwa zilikuwa za saizi moja, na kila mshonaji alijiongezea au kujipunguzia. Mwaka 1863 fundi mmoja wa Massachusetts, Marekani, aitwaye Ebenezer Butterick, alianza kuuza zilizopangwa kwa saizi mbalimbali, na biashara ikakua sana kwa sababu watu hawafanani. Na hizo saizi zenyewe zimehama. Saizi 14 kwenye bahasha ya zamani ni ndogo kuliko saizi 14 unayokuta kwenye nguo leo. Namba ni ile ile, mwili unaoelezwa ni mwingine. Ndiyo maana anayeshona kwa karatasi za zamani haangalii namba, anaangalia inchi.

Nadhani maneno yetu mengi ya malezi ni kama hiyo 14. Chukua neno "heshima." Wakati wa Mama, mtoto mwenye heshima hakumtazama mkubwa machoni. Binti yangu akiniangalia machoni na kuniambia "inanibana," mimi nilihesabu ni ukosefu wa heshima. Kumbe alikuwa ananiambia ukweli bila kupiga kelele. Hiyo ni heshima kubwa, ila ni ya inchi nyingine.

Mshale usioguswa

Nilipoyasema haya kwenye ushirika wa nyumbani, mzee mmoja ninayemheshimu alinipinga. Alisema, "Dada, ukianza kubadilisha karatasi za wazazi, utaishia wapi? Leo unaongeza kwapa, kesho utakata sketi ibaki kama leso ya mkononi. Musa aliambiwa afanye kila kitu kwa mfano ule alioonyeshwa mlimani. Soma Kutoka 25:40."

Ni pingamizi nzuri, na sikuwa na jibu usiku ule. Jibu nililipata kwenye suruali ya mzee wangu.

Miaka kadhaa nyuma nilimshonea suruali ya kitambaa cha bei. Kitambaa kilipungua kidogo. Sasa, kwenye kila karatasi ya kukatia huwa kuna mshale mrefu. Mshale huo unaonyesha uelekeo wa nyuzi. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu sambamba na ukingo, na za mshindio zinazozikata kwa upana. Mshale lazima ulale sambamba na mtande. Mimi nikaona, nikiinamisha karatasi ya mguu mmoja kidogo tu, kitambaa kitatosha. Nikainamisha. Suruali ikatoka safi kabisa, hakuna aliyegundua kitu. Ilipofuliwa mara ya pili, mguu ule ukaanza kuzunguka. Mshono wa pembeni ukaja mbele, juu ya goti. Mzee wangu aliivaa kwenye harambee akitembea kama mtu anayetaka kupinda kona. Hakuna pasi iliyoweza kuirekebisha.

Basi kwenye karatasi moja kuna alama za aina mbili. Kuna mistari ya kipimo, na kuna mshale. Mistari ya kipimo inatoka kwa mvaaji. Mshale hautoki kwa mvaaji, unatoka kwenye kitambaa chenyewe, jinsi kilivyofumwa. Awe mnene au mwembamba, mzee au mtoto, mshale ni ule ule. Mama aliongeza magazeti pande zote za ile karatasi, lakini mshale hakuugusa. Uko palepale tangu 1979.

Hivyo ndivyo ninavyoelewa sasa. Kusema kweli, kutoiba, uaminifu wa ndoa, usafi wa moyo, rehema kwa mnyonge, kumcha Mungu: hayo ni mshale. Yametoka kwa Mfumaji. Ukiyainamisha kidogo ili maisha yatoshe kwenye kitambaa ulichonacho, siku ya kwanza utapendeza. Mambo yatazunguka kwenye kufuliwa, na kufuliwa kutakuja. Lakini mtoto asome kozi gani, aamkie kwa maneno yapi, aimbe kwa gitaa au kwa kayamba, afanane na nani katika ukoo: mengi ya hayo ni inchi. Yalikuwa sahihi kwa mwili fulani, mwaka fulani.

Na Musa? Ile hema ilikuwa nyumba ya Mungu, na Mungu ndiye aliyetoa vipimo vyake. Mungu hakui wala hapungui, kwa hiyo vipimo vyake havina haja ya kuongezwa gazeti. Mtoto hukua. Kosa letu wazazi ni kuchukua maagizo tuliyopewa na baba zetu bondeni na kuwaambia watoto yalitoka mlimani.

Lakini sitaki kijana yeyote asome hapa aseme, "Mmesikia? Kila kitu ni inchi." Hapana. Soma sura hiyo hiyo ya Hana uone mzazi wa pili aliye ndani yake. Eli alikuwa na wana wawili waliodharau dhabihu ya Bwana na kufanya uasherati mlangoni pa hema. Aliwasemesha, lakini hakuwazuia, na sura ya 3 mstari wa 13 inataja jambo hilo kama hatia yake. Eli aliacha mshale uiname. Kwa hiyo sura moja inatuonyesha wazazi wawili: mmoja anabadilisha kipimo kila mwaka, mwingine anaachilia lisiloachiliwa. Tunaweza kukosea kwa njia zote mbili, na wengine wetu tunakosea kwa zote mbili ndani ya wiki moja. Tunapigania urefu wa pindo na kunyamazia uongo mezani.

Je, tutatofautishaje? Sitasema ni rahisi. Kuna karatasi za zamani ambazo mshale umefifia usionekane. Fundi akikuta hiyo hakisii. Anakirudia kitambaa: anachomoa uzi mmoja polepole, na njia unayoiacha inamwonyesha mtande unakwenda wapi. Nasi ndivyo. Desturi ikiwa na shaka, turudi kwenye Neno, tuchomoe uzi. Tuulize: jambo hili lingekuwa kweli kwa kila mtu, mahali pote, mbele za Mungu? Au lilikuwa kweli kwa nyanya yangu kule Nyandarua, na yeye mwenyewe angeliongeza gazeti kama angeishi hadi leo?

Kikwapa

Kujua ni jambo moja. Kulikuwa na msichana chumbani aliyekuwa amenyamaza wiki tatu.

Katika nyumba tuliyolelewa mzazi hakumwomba mtoto msamaha kwa mdomo. Mama akijua amekukosea, alikuongezea kipande cha nyama kwenye sahani, na mambo yakaisha hapo. Nilifikiria kufanya hivyo. Hata nyama nilinunua. Lakini nikaona hiyo nayo ilikuwa inchi ya Mama, na mtoto wangu anahitaji kusikia maneno. Nikaketi kitandani kwake nikamwambia, "Nilikosea. Sikukupima. Shida ilikuwa nguo, na mimi ndiye niliyeikata."

Sitawadanganya kwamba tulikumbatiana. Alisema, "Sawa, Mami," akaenda kuosha vyombo. Siku mbili baadaye alikuja jioni nikiwa nashona, tepu ya kupimia ikiwa imening'inia shingoni mwake, akasimama kando ya cherehani bila kusema kitu. Nikampima. Nilipofika kifuani niliandika namba bila kutoa maoni yoyote. Kina mama, hilo nalo ni tunda la Roho.

Wanaoshona kanzu kule Pwani wana kipande kidogo cha pembe nne wanachokiweka chini ya mkono ili mtu aweze kuuinua. Wanakiita kikwapa. Nilikuwa na mabaki ya kile kitambaa cha bluu. Kwanza niliyafua mara mbili na kuyaanika, maana Bwana Yesu alituonya katika Marko 2:21 kuhusu kiraka kipya kwenye vazi la zamani: gauni lilikuwa limeshafuliwa, mabaki hayakuwa yamefuliwa. Nikafumua mshono wote wa ubavu, nikaongeza kipande upande huu na huu, nikaweka vikwapa. Pale kitambaa kilipochanika alama bado ipo. Ukiangalia kwa makini utaiona.

Amerudi kwaya. Jumapili ya kwanza aliinua mkono mmoja tu, ule ambao nguo haikuchanika. Wa pili ulichukua muda, na sikumharakisha.

Nimalizie na Dorkasi wa Matendo sura ya 9. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha mavazi aliyowashonea alipokuwa pamoja nao. Hawakuleta karatasi zake za kukatia. Walileta nguo, kila moja ilikatwa kwa mwili wa mtu aliye hai. Siku yangu ikifika, naomba watoto wangu wawe na cha kuonyesha cha namna hiyo. Karatasi yangu ya gauni la bluu nimeirudisha mkebeni. Nimegundisha kipande kipya cha gazeti pembeni, nikaandika mwaka huu. Mshale sijaugusa.

Maswali ya kutafakari katika ushirika wa nyumbani

1. Taja jambo moja ulilofundishwa na wazazi wako ambalo unaamini ni mshale. Taja lingine ambalo ni inchi. Ulijuaje?
2. Je, kuna mtu nyumbani kwako aliyekuambia "inanibana" ukamwambia asimame wima?
3. Ni wapi umeinamisha mshale ili kitambaa kitoshe?

Ombi

Baba, asante kwa wazazi waliotupenda kwa vipimo vya siku zao. Tupe macho ya Hana, tuwapime watoto wetu vile walivyo leo. Tuepushe na unyonge wa Eli. Pale tulipochana, tupe neno la toba, na uvumilivu wa kungoja mkono wa pili uinuke. Katika jina la Yesu. Amina.